Kwa nini kesi kubwa za ugaidi Tanzania zinaishia "Jamhuri haina nia ya kuendelea"?

#1 Nyamisati

Wakuu, salaam.

Mimi ni mwalimu wa sekondari, si mwanasheria. Tangu 2013 nakata habari za kesi za ugaidi kwenye magazeti na kuzihifadhi kwenye bahasha ya kaki. Juzi nimeimwaga mezani, nikazipanga kwa tarehe, na kuna kitu kimenikosesha usingizi.

Wilfred Lwakatare, kiongozi wa chama cha upinzani CHADEMA, 2013: alishtakiwa kwa ugaidi, ilipofika Mei Jaji Kaduri wa Mahakama Kuu akayafuta mashtaka ya ugaidi, likabaki shtaka la jinai la kawaida. Masheikh wa Uamsho, kundi la Kiislamu la Zanzibar: waliunganishwa na kesi ya ugaidi pale Mahakama ya Kisutu, Dar es Salaam, mwaka 2014, wakakaa ndani hadi Juni 2021, DPP (Mkurugenzi wa Mashtaka) akaifuta. Freeman Mbowe, wakati huo mwenyekiti wa CHADEMA, na wenzake watatu: yeye alikamatwa Mwanza Julai 2021. Tarehe 18 Februari 2022 Jaji Tiganga akasema wana kesi ya kujibu. Tarehe 4 Machi, utetezi haujaanza, Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ikasema haina nia ya kuendelea. Wakaenda nyumbani.

Kama mtu ni gaidi kweli, anaachiwaje bila hukumu? Na kama si gaidi, ile miaka aliyokaa ndani anarudishiwa na nani? Naomba wanaojua wanieleweshe. Wanafunzi wangu wa uraia wameniuliza na sikuwa na jibu.

#2 Chuma_cha_Ulanga

Nimekaa mstari wa mbele, wajuvi waje.

#3 Karani_Mstaafu

Mwalimu, hongera kwa hiyo bahasha. Nikupe kidogo cha ndani.

Nimekuwa karani wa mahakama miaka 22, mkoa msiniulize. Kesi ya namna hii ikiletwa mbele ya hakimu mkazi, hakimu hana mamlaka ya kuisikiliza. Anamsomea mtu mashtaka na kumwambia asijibu chochote. Dhamana hawezi kuitoa, sheria imeshaufunga huo mlango. Kazi inayombakia ni moja tu, kupanga tarehe. Baada ya siku 14 karandinga linaleta watu, wanapandishwa kizimbani, wakili wa Serikali anasimama: "Mheshimiwa, upelelezi haujakamilika, tunaomba tarehe nyingine ya kutajwa." Dakika tatu, wanashuka.

Nilikuwa na jalada moja, karatasi za mwenendo zimejaa sentensi hiyohiyo kwa miandiko ya mahakimu watatu, maana wawili walihamishwa kesi ikiwa palepale. Lilinenepa mpaka nikalitoboa upya nikalifunga kwa kamba mpya. Humo ndani hapakuwa na mstari hata mmoja wa ushahidi.

Kwa hiyo mimi nasema tatizo si ugaidi, ni utaratibu wetu wa makosa yasiyo na dhamana. Mauaji na utakatishaji fedha vinapita njia hiyohiyo. Ugaidi mnauona kwa sababu walioshtakiwa ni watu wanaojulikana.

#4 BintiShangani

Karani kasema kweli lakini kapunguza. Sisi huku Unguja kilichotuuma zaidi ni bahari. Watu wa Zanzibar, mambo yanayodaiwa yametokea Zanzibar, kesi iko Dar es Salaam. Hoja hiyo ya mamlaka ya mahakama ilisemwa sana. Sheria ya ugaidi ni ya Muungano, sawa, lakini mama wa mtu anapanda boti na chakula mkononi, analala kwa jamaa, asubuhi anakwenda kumuona mwanawe kwa dakika chache, anarudi. Nina jirani yangu alifanya hivyo mpaka magoti yakakataa. Mtoto aliyeachwa na babake darasa la kwanza alikuwa anamaliza la saba siku babake anarudi. Alimwamkia "shikamoo" kama anavyomwamkia mgeni.

Hayo hayamo katika jalada lolote.

#5 Mpekuzi_Temeke

Nimewahi kufanya kazi za upelelezi, nisikilizeni na mimi.

Mnasahau kwamba taarifa za kiintelijensia ni kitu kimoja na ushahidi ni kitu kingine. Mpelelezi anaweza kujua kwa hakika kwamba fulani anapanga jambo, lakini amelijua kupitia mtu aliye ndani ya kundi, au nchi rafiki imemnong'oneza kwa sharti asiseme. Ukilileta mahakamani, chanzo chako kinauawa. Ukinyamaza, bomu linalipuka. Mnataka tufanye nini? Ndiyo maana mtu anakamatwa mapema na ushahidi unatafutwa baadaye. Wakati mwingine haupatikani. Mashahidi nao wanaogopa, wana familia.

Tena hii sheria haikutoka hewani. Ilitungwa 2001 baada ya Marekani kupigwa, na sisi tulishapigwa kabla yao, 1998. Watu 224 walikufa Nairobi peke yake.

#6 Wakili_Kijiweni

Mpekuzi, hoja yako nzito ila tarehe na hesabu tuziweke sawa. Sheria ya Kuzuia Ugaidi ni Namba 21 ya mwaka 2002, ikaanza kutumika Juni 2003. Na 224 ni jumla ya vifo vya Agosti 7, 1998 katika miji yote miwili: Nairobi 213, Dar es Salaam 11.

Sasa kwa nini 2002? Tarehe 28 Septemba 2001 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio 1373. Liliziamuru nchi zote zifanye ugaidi kuwa kosa la jinai na zitoe taarifa ya utekelezaji. Kilichokosekana ni maana ya ugaidi wenyewe, azimio halikuisema. Maelezo ya kusaidia yalikuja mwaka 2004 kwa azimio 1566, wakati nchi nyingi zimeshajitungia maana zao, kila moja kwa upana inaoutaka. Wanazuoni wa sheria za jinai wameandika sana juu ya hili: nchi zilishindana kutii, na nani atabanwa na sheria zenyewe likawa swali la baadaye.

Kwa hiyo mimi napingana na Karani pia. Utaratibu ni sehemu tu. Shina ni maana pana. Maana ikiwa pana, kushtaki ni rahisi kuliko kuthibitisha. Kuthibitisha unahitaji kuonyesha dhamira, kwamba huyu alikusudia kutia watu hofu au kuilazimisha serikali, na dhamira haipigwi picha.

#7 Chuma_cha_Ulanga

Mpekuzi kapewa darasa bila ada 😀 Pole kaka, rudi bado tunakuhitaji.

#8 mtoto_wa_Likoni

Assalaam alaykum nyote. Mie ni wa Mombasa, nawasoma hapa nashangaa jambo moja. Hivi kwenu DPP akiamua kuacha kesi, jaji hana la kusema?

Kwetu katiba ya 2010, ibara ya 157(8), yasema DPP hawezi kuiondoa kesi bila ruhusa ya mahakama. Atasimama aeleze sababu, jaji apime. Na dhamana ni haki ya kila aliyekamatwa, hata kwa ugaidi, mpaka upande wa mashtaka uonyeshe sababu za kuizuia.

Hata bunge lilipojaribu kukaza, mahakama ilisimama. Mwisho wa 2014, baada ya mashambulizi ya Mandera, walipitisha sheria ya usalama kwa fujo bungeni, watu wakamwagiana maji. Februari 2015 majaji watano wa Mahakama Kuu walifuta vipengele vinane. Kimoja kiliweka kikomo cha wakimbizi 150,000 nchi nzima. Kimoja kilibana vyombo vya habari. Kingine kiliuruhusu upande wa mashtaka kumficha mshtakiwa ushahidi kabla ya kesi. Vyote vikaenda.

Mwaka huohuo mashirika mawili ya haki za binadamu hapa Mombasa, MUHURI na HAKI Africa, yaliwekwa kwenye orodha ya wanaoshukiwa kuhusiana na ugaidi na akaunti zao zikafungwa. Yalikwenda Mahakama Kuu, yakashinda, akaunti zikafunguliwa.

#9 Nyamisati

Ndugu wa Likoni, asante sana. Kwa hiyo dawa ni hiyo? Tukiweka kifungu cha ruhusa ya mahakama tunapona?

#10 mtoto_wa_Likoni

Mwalimu, ningependa kukwambia ndiyo. Lakini nitakuwa nakudanganya.

Kwetu sheria ni nzuri, na watu wanapotea. Kesi ya shambulio la Westgate, lile duka kubwa la Nairobi walikouawa watu 67 mwaka 2013, ilifika hukumu Oktoba 2020: wawili walitiwa hatiani, mmoja akafungwa miaka 33, wa pili 18. Wa tatu mahakama ilimwachia huru. Muda mfupi baada ya kuachiwa, watu wenye silaha walimkamata mchana kweupe Nairobi wakaondoka naye. Hapo ibara ya 157 itakusaidia nini?

Pwani tuna mama ambao hawana hata kesi ya kufutwa. Mwanawe aliswali Alfajiri, akatoka, basi. Nyinyi mnalia kwa jalada lililonenepa. Kuna mtu angetoa kila alicho nacho apate jalada.

#11 BintiShangani

Subhanallah. Hapo sina neno.

#12 Mzee_Kifimbo

Vijana, naomba nafasi. Nimesoma yote na sijaona aliyewataja waliokufa.

Agosti 7, 1998 nilikuwa fundi wa mafriji, nina kazi nyumba moja Oysterbay, si mbali na ubalozi wa Marekani. Ilikuwa kama saa nne na nusu asubuhi. Sikusikia mlipuko kwanza, niliona pazia linaingia ndani kama mtu kalivuta, halafu vioo, halafu ndipo sauti. Nilitoka nje na bisibisi mkononi. Pale getini lilikuwa boza la maji, ndilo lililolizuia gari la bomu lisiingie ndani. Wengi wa waliokufa siku ile ni Waafrika, wengine wako kazini getini tu, wanatafuta riziki kama mimi.

Nimesoma hoja zenu za dhamana na dhamira na nazielewa. Lakini mtu akiniambia serikali isubiri ushahidi ukamilike kwanza, nauona mkono niliousaidia kuufunga kwa shati langu. Mimi naamini kesi nyingine zinafutwa kwa sababu dola imeshafanikiwa: hatari imezimwa, muda umepita, hakuna haja ya hukumu. Mnaweza msinipende kwa hilo.

#13 Wakili_Kijiweni

Mzee wangu Kifimbo, shikamoo. Hakuna wa kutokukupenda hapa. Naomba nikujibu kwa mambo ya siku hiyohiyo, maana baadhi ya wauaji wa siku ile walihukumiwa, na walihukumiwa na mahakama ya kawaida ya jinai.

Khalfan Khamis Mohamed, mtu wa kwetu, alikamatwa Cape Town Oktoba 1999 na kukabidhiwa kwa Wamarekani. Kesi ikaendeshwa New York. Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ikasema Mei 2001 kwamba makabidhiano yale yalivunja sheria, kwa sababu nchi yao ilimtoa bila kupata ahadi kwamba hatanyongwa. Wazee wa baraza kule New York hawakukubaliana juu ya kifo. Akapewa maisha.

Halafu Ahmed Khalfan Ghailani, Mzanzibari. Huyu alikamatwa Pakistan Julai 2004, akapitishwa kwenye magereza ya siri ya CIA, shirika la ujasusi la Marekani, kisha gereza lao la kijeshi la Guantanamo, ndipo akafikishwa New York 2009. Hapo ndipo somo lilipo.

#14 Chuma_cha_Ulanga

Ghailani si ndiye aliyeachiwa? Nakumbuka mashtaka karibu yote yalianguka.

#15 Wakili_Kijiweni

Hakuachiwa, mkuu. Mashtaka zaidi ya 280 alishinda, moja likamshika: kula njama ya kuharibu majengo na mali ya serikali ya Marekani. Hilo moja likampa kifungo cha maisha, Januari 2011.

Jambo kubwa lilitokea kabla. Jamhuri ya kule ilikuwa na shahidi Mtanzania ambaye ilidaiwa ndiye aliyemuuzia baruti. Jaji Lewis Kaplan alimkataa asisimame kabisa, Oktoba 2010, kwa sababu jina lake lilipatikana kutokana na Ghailani kulazimishwa kusema akiwa mikononi mwa CIA. Wanasiasa wa kule walipiga kelele kwamba mahakama za kiraia haziwezi ugaidi. Lakini angalia kilichotokea: shahidi muhimu kaondolewa, na bado mtu hatatoka maisha yake yote. Wakati huohuo wale wanaodaiwa kupanga Septemba 11 wako Guantanamo mbele ya tume ya kijeshi, mwaka baada ya mwaka, na ndugu wa marehemu wanazeeka wakisubiri kesi ianze.

Mzee Kifimbo, ninachosema ni kwamba njia ya mkato ndiyo iliyokaribia kuipoteza haki ya wale watu wa getini. Mateso yaliharibu ushahidi.

#16 Mzee_Kifimbo

Marahaba mwanangu. Hilo la shahidi sikulijua. Bado sijashawishika lote, ila nimekusikia.

#17 Mwanafunzi_wa_Mlimani

Habari za jioni. Naandika tasnifu yangu juu ya mada inayokaribiana na hii, nichangie kidogo.

Kuna profesa wa Kijerumani, Günther Jakobs, alitoa hoja mwaka 1985 kwamba ndani ya nchi moja zinaweza kukaa sheria mbili za jinai. Ya kwanza ni ya raia: umekosa, unaadhibiwa kwa ulichofanya, haki zako zinabaki. Ya pili ni ya adui: unazuiwa kwa unachoweza kufanya kesho. Wanazuoni wengi walimshambulia, lakini ukisoma sheria za ugaidi za baada ya 2001 unaiona ile ya pili inatembea. Kosa linarudishwa nyuma: kupanga, kufadhili, kuhifadhi, kuhudhuria mkutano. Mtu anashtakiwa kabla ya tukio, kwa hiyo hakuna maiti, hakuna jengo, hakuna damu ya kupima. Kunabaki maneno ya watu, na kesi ya maneno matupu inakatika njiani.

Na jinsi unavyochagua adui ni kisa kingine. Uingereza waliruhusu kuwafungia bila kesi wageni tu waliowashuku, gereza la Belmarsh. Desemba 2004 majaji wao wa juu kabisa, wanane dhidi ya mmoja, wakasema huo ni ubaguzi: kama hatari ni hatari, mbona raia wenye tuhuma zilezile wako nje?

#18 Karani_Mstaafu

Binti yangu (au kijana wangu, samahani), nakuombea ufaulu. Ila nikuulize kwa heshima: huyo Mjerumani anaelezaje yule mtu niliyemwona akisubiri miaka kwa kesi ya mauaji ya kawaida? Hakuwa adui wa dola. Alikuwa mchoma mkaa. Jalada lake na la "gaidi" yalikaa rafu moja na yote yaliandikwa sentensi ileile.

#19 Mwanafunzi_wa_Mlimani

Ni binti, mzee, usijali 😊 Swali lako naliandika kwenye daftari. Msimamizi wangu aliniuliza kitu karibu na hicho na nilijikanyaga.

Labda nijaribu hivi: mlango wa kunyima dhamana ulikuwepo zamani, ugaidi ukapitishwa humohumo. Mwaka 1991 Mahakama ya Rufani katika kesi ya Daudi Pete ilifuta sehemu ya kifungu cha 148(5) cha Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, kilichonyima dhamana, baada ya Jaji Mwalusanya kuanza kazi hiyo Mahakama Kuu. Tulidhani tumevuka. Kifungu kikaandikwa upya, orodha ikakua. Mei 2020 Mahakama Kuu katika kesi ya Sanga ikasema kifungu kinapingana na katiba. Agosti 2020 Mahakama ya Rufani ikatengua. Tukarudi tulipokuwa.

#20 Kapera_Mbagala

Mnazunguka mbuyu. Ni siasa. Basi. Angalieni waliokamatwa ni akina nani na waliachiwa lini. Masheikh Juni 2021, uongozi wa nchi umebadilika Machi. Mbowe Machi 2022, siku hiyohiyo akapokelewa Ikulu. Mnahitaji Mjerumani kuwaeleza hilo?

#21 Wakili_Kijiweni

Kapera, tarehe zako ni sahihi na hakuna anayeweza kukwambia hazina maana. Lakini jiulize: kwa nini siasa ilichagua sheria hii na si nyingine? Kwa sababu hii haina dhamana na DPP anaweza kuifungua na kuifunga bila kumweleza mtu sababu. Ibara ya 59B ya katiba yetu inamtaka azingatie kutenda haki, kuzuia matumizi mabaya ya taratibu za sheria, na maslahi ya umma. Maneno mazuri. Ila hayana mahali pa kumlazimisha ayaeleze, tofauti na alivyosema ndugu wa Likoni kuhusu kwao.

Na tusisahau kichekesho kisichochekesha: kesi ya Mbowe ilisajiliwa kama uhujumu uchumi, namba 16 ya 2021, ikasikilizwa kwenye divisheni ambayo wananchi tunaiita Mahakama ya Mafisadi.

#22 Kapera_Mbagala

Bado nasema siasa.

#23 Mpekuzi_Temeke

Nimerudi. Tarehe nimekubali kukosolewa.

Niseme kitu ambacho si rahisi kwangu kukisema. Katika kesi ile ya Mbowe mlisikia mabishano marefu, kesi ndogo ndani ya kesi kubwa, juu ya maelezo ya onyo, yale mtuhumiwa anayoandikwa polisi baada ya kuonywa: yalichukuliwa wapi, lini, kwa hiari au kwa kipigo, na daftari la mahabusu linasemaje. Sheria yetu inampa mpelelezi saa nne tangu kukamata awe amemaliza kumhoji mtu, na akihitaji zaidi aombe kuongezewa. Saa nne! Umemkamata mkoa wa kaskazini, unatakiwa umfikishe Dar; muda wa barabarani sheria haiuhesabu, lakini hata hivyo saa nne za kuhoji hazitoshi. Kwa hiyo watu wanapindisha saa kwenye karatasi. Nimeliona. Unaandika "saa 2:10 asubuhi" wakati jua limeshazama.

Halafu wakili wa utetezi anakuja na daftari, anakuuliza swali moja tu kuhusu saa, na kesi yote inavuja kupitia tundu hilo. Mimi nadhani nyingi zinafia hapo, kabla ya siasa na kabla ya Mjerumani.

#24 mtoto_wa_Likoni

Mpekuzi, Mola akulipe kwa kusema kweli. Kwetu kukiri mbele ya askari wa cheo cha chini hakukubaliki. Lazima iwe mbele ya jaji, hakimu, au ofisa wa polisi wa ngazi ya inspekta kwenda juu ambaye si mpelelezi wa kesi hiyo, na mshtakiwa awe na mtu wake aliyemchagua. Labda ndipo mngeanzia.

#25 Chuma_cha_Ulanga

Nje ya mada kidogo: bibi yangu akisema "gaidi" anamaanisha mnyang'anyi wa njiani, yule wa panga na gunia. Lini neno likahamia kwenye mabomu?

#26 BintiShangani

Hata huku wazee walikuwa wanasema hivyo. Sasa mtoto akigombana skuli anaitwa "gaidi" kwa sababu ya jina na kanzu tu. Neno limepanuka kama ile sheria ya Wakili.

#27 Mama_Kauthar

Samahanini, huwa nasoma tu, siandiki. Leo nimeshindwa.

Mdogo wangu alishtakiwa kwa sheria hii, si kesi ya gazetini. Hakuna aliyemjua. Siku kesi yake ilipofutwa nilikuwa pale. Hakimu alisema "uko huru", nikapiga magoti kwenye benchi. Alishuka ngazi nne za kizimba, akaufikia mlango, watu wawili wakamshika mkono mmoja huku na mmoja huku, wakamrudisha mahabusu. Mchana akasomewa shtaka lilelile kwa namba mpya ya kesi. Tukaanza upya kuhesabu siku 14.

Alipotoka kweli, miaka mitatu baadaye, walimpa mfuko wa rambo: viatu bila kamba, mkanda, simu ya tochi imevimba betri. Karatasi hakupewa. Kila anapoomba kazi ya ulinzi au udereva wanamuuliza kama amewahi kushtakiwa, na yeye hana chochote cha kuonyesha kwamba yaliisha.

Nimeshona nguo usiku miaka mitatu kulipa nauli za kwenda kumuona. Sina chuki na mtu. Nataka kujua tu: alifanya nini? Maana hata leo hakuna aliyetuambia.

#28 Nyamisati

Dada, pole. Pole sana. Nimeisoma mara mbili.

#29 Wakili_Kijiweni

Mama Kauthar, hiki ulichokieleza ndicho marekebisho ya sheria ya 2022 yalitaka kukikomesha: kesi ikishafutwa na DPP mtu asikamatwe tena kwa mambo yaleyale mpaka upelelezi uwe umekamilika na kesi iko tayari kusikilizwa. Na yalisema upelelezi ukamilike kwanza ndipo mtu afikishwe mahakamani, ingawa kwa makosa makubwa mlango uliachwa wazi, na ugaidi unapita hapohapo.

Kuhusu fidia, ipo kesi ya madai ya kushtakiwa kwa nia ovu. Lazima uthibitishe ulishtakiwa, kesi iliisha kwa upande wako, hapakuwa na sababu ya msingi, na kulikuwa na nia mbaya. Shida iko kwenye la pili. DPP akifuta, je, umeshinda au kesi imelala tu? Wanasheria tunabishana. Mimi naamini imeisha kwa upande wako.

#30 Mwanafunzi_wa_Mlimani

Mimi naona vinginevyo, kaka. Kufutwa kwa hiari ya DPP si kuachiwa huru, kesi inaweza kurudi. Jaji mwingine atakuambia hujashinda kitu. Ndiyo maana ruhusa ya mahakama ni muhimu: jaji angelazimika kutamka kesi inaishaje.

#31 Mpekuzi_Temeke

Na mimi niko na binti hapo. Sikutegemea.

#32 Karani_Mstaafu

Waacheni mawakili wabishane. Mama Kauthar, sikiliza. Karatasi ipo. Nenda masjala ya mahakama ile, mapema, saa mbili kasoro, kabla foleni haijajaa. Omba nakala ya mwenendo na amri ya siku kesi ilipofutwa. Nenda na namba zote mbili za kesi, ya kwanza na ile ya mchana. Kama huna namba, nenda na tarehe na jina la hakimu, watapekua rejista. Wakikwambia jalada halionekani, usiondoke, omba kuandika barua palepale na wakugongee mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako.

#33 Mama_Kauthar

Namba ya kwanza ninayo, niliiandika nyuma ya daftari la vipimo vya wateja. Ya pili sina. Tarehe naikumbuka, ilikuwa Alhamisi. Nitakwenda wiki ijayo.